Nyekundu Inapofifia

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Woolwich, London

Nawashukuru kwa kuiacha Jumamosi yenu na soko la Beresford Square mkaja kukaa nami humu. Nawaona watu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, wa Bukavu na Goma, na jamaa zetu Wabarawa. Mimi ni mtu wa Pangani, muuguzi kwa kazi, na mgonjwa pia. Nikitumia neno la kwetu lisilofika kwenu, ninyosheeni mkono, nitalieleza.

Nianze na kituo cha basi. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama Plumstead Road nikingoja basi la 53. Jicho la kushoto liliniwasha, nikaliziba kwa kiganja. Basi likatokea. Nililiona sawasawa, hata namba yake niliisoma, lakini rangi haikuwa ile ninayoijua. Lilikuwa na rangi ya tofali la zamani, nyekundu iliyochujuka. Nikaondoa kiganja, nikaziba jicho la kulia. Basi lilelile likawaka kama pilipili iliyoiva. Nikarudia mara tatu, watu wakinitazama, mpaka dereva akafunga mlango akaenda zake.

Wakati huo ilikuwa miezi saba tangu niambiwe nina ugonjwa wa tezi ya thairoidi. Nilikuwa nikimeza dawa ya carbimazole, moyo umetulia, mikono haitetemeki tena. Macho yangu hayakuwa yametokeza. Kioo kilinionyesha uso wangu wa kila siku, labda kope zimejaa kidogo. Nilikwenda kliniki moja, nikaambiwa macho yamekauka, nikapewa dawa ya matone. Nilikaa na matone yale wiki tatu. Nazitaja wiki hizo tatu kwa sababu ndizo zilizonigharimu. Aliyenipima baadaye, kijana mpima macho, alichukua chupa ya dawa yenye kifuniko chekundu akanionyesha kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Akaniuliza: "Mama, tuseme wekundu huu wa kwanza una thamani ya pauni moja. Wa pili ni peni ngapi?" Nikamjibu, peni 40. Akapiga simu papo hapo, na jioni ile nilikuwa nimelazwa, dripu ya steroidi iko mkononi.

Neno langu la leo ni hilo. Katika ugonjwa huu, hatari ya kupofuka haionwi na anayekutazama. Huonwa na mwenye jicho, jicho moja moja, na mara nyingi huanzia kwenye rangi kabla haijafika kwenye herufi.

Sasa tuujue ugonjwa wenyewe. Katika karne ya 12 mganga wa Kiajemi, Ismail al-Jurjani, aliandika kwamba rovu la shingo na kutokeza kwa macho hufuatana. Huku Uingereza, Caleb Parry wa mji wa Bath alianza kuwaandika wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1786, lakini maandishi yake yalichapwa mwaka 1825, yeye akiwa ameshafariki. Robert Graves wa Dublin aliandika mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Ujerumani mwaka 1840. Ndiyo maana mkiwa na jamaa Ujerumani watauita ugonjwa wa Basedow, na hapa London utaitwa ugonjwa wa Graves. Wote hao waliandika kile ambacho mtazamaji anakiona: shingo iliyovimba, moyo unaokwenda mbio, macho yaliyotoka.

Dunia nayo imeendelea kutazama hukohuko. Wale wa umri wangu watamkumbuka Marty Feldman, mchekeshaji aliyezaliwa upande wa mashariki wa mji huu na aliyeigiza katika filamu ya Young Frankenstein ya mwaka 1974. Macho yake yalitokeza kwa sababu ya ugonjwa wa Graves, na mamilioni walicheka. Sisi nasi tuna maneno yetu. Mama akiugua, watu husema amekodoa macho, ametumbua macho, ana hasira siku hizi, ana jini, amerogwa. Nimewahi kumsikia mtu akimwambia mgonjwa usoni kwamba macho yake yanatisha watoto. Mgonjwa huyo aliacha kwenda harusini, akaanza kuvaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Na mtu aliyejificha namna hiyo ni vigumu kumwambia asimame dirishani ajipime.

Kuna jambo moja nataka tulinyooshe hapa. Wengi wetu tukisikia tezi ya shingo tunafikiria chumvi. Ni kweli kwamba kwetu rovu limetokana sana na upungufu wa iodini, hasa kwenye nyanda za juu, kama Iringa na Mbeya, na kule Kivu ambako kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa sana na madaktari tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa marovu. Kenya ilianza kulazimisha iodini kwenye chumvi mwaka 1978. Lakini ugonjwa wa Graves ni kitu kingine. Hapa kinga ya mwili yenyewe inakosea njia. Mwili hutengeneza kingamwili zinazoishika tezi ya thairoidi na kuichochea itoe homoni kupita kiasi. Kingamwili hizohizo hukuta mahali pengine pa kushika: katika nyama na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Kwa hiyo msimwambie mgonjwa aongeze chumvi au aache chumvi, mkadhani mmemtibu macho.

Si kila mwenye Graves hupata ugonjwa wa macho. Wengi wanaoupata hupata ule mwepesi: kuwashwa, machozi, kope kuvimba asubuhi, mwanga kuumiza. Mara nyingi macho na tezi huanza kusumbua katika kipindi kimoja, mwaka mmoja na nusu hivi, lakini macho yanaweza kutangulia, mtu akaugua macho huku vipimo vyake vya homoni ni vya kawaida kabisa. Ugonjwa una kipindi chake cha moto, miezi sita hadi miaka miwili au mitatu, kisha hupoa, na kinachobaki baada ya kupoa ni makovu. Daktari Rundle alilichora jambo hilo mwaka 1945 kwa mstari unaopanda kwa kasi, kisha ukashuka polepole bila kurudi ulipoanzia. Tiba ya dawa hufaa ule moto ungali unawaka.

Walio hatarini zaidi, katika kila wagonjwa 100 wa macho haya, ni takriban 5. Hao mshipa wa fahamu wa jicho hubanwa. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu wasioelewa mahali hapa ndio wanaochelewa.

Mnaikumbuka koni ya karanga, ile ya karatasi ya gazeti iliyosokotwa, inayouzwa stendi na Forodhani kule Unguja. Juu pana, chini kumechongoka. Shimo la jicho kwenye fuvu lina umbo la namna hiyo, isipokuwa kuta zake ni mfupa, hazitanuki. Jicho limekaa kwenye mdomo mpana. Nyuma yake kuna misuli sita inayoligeuza, mafuta yanayolilaza, na katikati unapita mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo hutokea kule kwenye ncha, na misuli minne mikubwa nayo imejifunga kulekule kwenye ncha. Misuli ikivimba mbele, kuna nafasi. Ikivimba nyuma, kwenye ncha, hakuna nafasi hata ya unyasi, na kinachokandamizwa ni mshipa.

Sasa fikirini. Jicho linalotokeza limejitafutia nafasi. Limesogea mbele, mbano nyuma umepungua. Jicho ambalo kope na nyama zake za mbele zimekaza, likakataa kusogea, ndilo ambalo uvimbe wote unarudi kulisonga kwa ndani. Ndiyo sababu mtu anaweza kupoteza uoni huku anaambiwa na jirani, "Alhamdulillahi, wewe macho yako hayakuharibika." Sisemi kwamba aliyetokeza macho yuko salama, wapo waliotokeza na kubanwa pia. Nasema kipimo cha kutazama uso hakitoshi, na mara nyingine hudanganya.

Hata daktari akichungulia nyuma ya jicho kwa taa yake, karibu nusu ya waliobanwa huonekana wazima kule nyuma. Njia ya kuyumbisha kurunzi toka jicho hili hadi lile, kuona kama mboni zinasinyaa sawasawa, hufaa sana jicho moja likizidi jingine. Macho yote mawili yakibanwa kwa kiwango kimoja, kurunzi haionyeshi kitu. Kwa hiyo vinahitajika vipimo kadhaa kwa pamoja: herufi, rangi, upana wa kuona, picha za CT au MRI za ile ncha ya koni. Na kabla ya vipimo hivyo linahitajika neno la mgonjwa kwamba kuna kitu kimebadilika.

Rangi hupimwa hospitalini kwa vitabu vya Ishihara, vile vya madoadoa yenye tarakimu ndani. Shinobu Ishihara wa Japani alivitoa mwaka 1917 kuwatambua watu waliozaliwa bila kutofautisha nyekundu na kijani. Huko Ulaya wanaume 8 hivi katika 100 huzaliwa hivyo. Kwa hiyo ni vizuri kujua rangi zako zilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mwanamume aliyezaliwa haoni tarakimu zile asije akadhaniwa amebanwa leo, wala aliyebanwa leo asije akaambiwa ndivyo alivyozaliwa.

Nyumbani hatuna Ishihara, lakini tuna kisutu. Akina mama mnajua ninachosema: ile kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mimi yangu imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, mahali mwanga wa dirisha unapofika. Kila Ijumaa asubuhi navaa miwani yangu, nasimama palepale nilipoweka alama sakafuni, naziba jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Usilikandamize jicho unaloliziba, maana ukilikandamiza ukaligeukia, litakuwa na ukungu wa dakika nzima na utajitisha bure. Natazama nyekundu ya kisutu kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, na najiuliza lile swali la pauni na peni. Kisha natazama kalenda ukutani, nione ni mstari upi mdogo ninaousoma kwa kila jicho. Kisha nakaza jicho kwenye kitasa cha mlango, bila kulihamisha, na kuuliza: je, naona pembe zote nne za mlango? Kuna upande ulioliwa na giza au ukungu? Naandika kwenye daftari tarehe, peni, na mstari. Dakika tatu zimetosha.

Kulinganisha jicho na jicho kuna udhaifu ule wa kurunzi: macho yote mawili yakififia pamoja, peni zitakuwa sawa. Ndiyo maana ya daftari, kitu kilekile, mwanga uleule. Ukiona wiki hii kisutu kimekuwa kama kimefuliwa sana, kwa macho yote mawili, usimlaumu fundi wa rangi.

Vijana mtaniuliza kuhusu simu. Iko programu inaitwa Peek Acuity, iliyojaribiwa Nakuru, Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015. Inaonyesha herufi E inayogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, na unayempima anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Bibi asiyejua kusoma anapimika. Walipoilinganisha na ubao wa kawaida, vipimo vilikaribiana. Naipenda kwa sababu ilijaribiwa kwetu, kwa watu wa kijijini wasiofikiwa na vyombo vikubwa. Lakini hiyo hupima ukali wa kuona peke yake. Rangi haipimi. Tumieni, na kisutu kibaki mlangoni.

Mtaniuliza pia: basi kila ukungu ni hatari? Hapana, na zipo njia za kuanza kutofautisha. Ukiona ukungu, pepesa macho mara kadhaa. Ukungu ukiondoka kisha ukarudi, mara nyingi hayo ni machozi, uso wa jicho umekauka. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kitoboe kwa pini, tazama kupitia tundu lile. Herufi zikikaa sawa, yawezekana sana tatizo liko kwenye miwani au kwenye uso wa jicho. Zikibaki na ukungu uleule, na hasa rangi nazo zimefifia, mfikirie mshipa. Ukiona vitu viwili viwili, ziba jicho moja. Kimoja kikitoweka, ni misuli imekaza na macho hayaendi pamoja. Hii haileti upofu, lakini mnaoendesha magari sikilizeni: ukianza kuona viwili, sheria ya nchi hii inakutaka uache kuendesha na uiarifu DVLA, mamlaka ya leseni za madereva. Ukificha unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na hiyo ni ndogo kuliko kumgonga mtoto wa mtu kwenye kivuko. Wengi wanaoendesha gari la kawaida hurudishiwa ruhusa wakishatibiwa, wakapata miwani maalumu au kibandiko cha jicho. Ninajua humu wamo madereva wa basi na wa teksi ambao mkate wa nyumba uko mikononi mwao. Waambieni madaktari mapema kwamba mnaendesha.

Nirudi kwenye kutazamwa, maana kuna jambo linalotuhusu sisi watu weusi na halisemwi vya kutosha. Kutokeza kwa jicho hupimwa kwa chombo cha Hertel, kilichobuniwa mwaka 1905, kinachosoma milimita kutoka kwenye mfupa wa pembeni hadi kwenye uso wa jicho. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani Migliori na Gladstone walichapisha vipimo vya watu wazima wasio na ugonjwa. Kwa wanawake weupe mwisho wa kawaida ulikuwa milimita 20.1, kwa wanawake weusi 23.0. Kwa wanaume weupe 21.7, kwa weusi 24.7. Tofauti ni milimita tatu hivi, na tatu ni nyingi kwenye jicho. Maana yake ni mbili. Dada mwenye milimita 22 alizozaliwa nazo anaweza kupewa ugonjwa asiokuwa nao. Na kaka ambaye kipimo chake kilikuwa 17, leo kimefika 22, anaweza kuambiwa yumo ndani ya kawaida ya watu weusi, kumbe amesukumwa milimita tano. Kawaida ya watu haikusaidii kama hujui kawaida yako. Kwa hiyo mkienda kliniki chukueni pasipoti ya zamani, picha ya harusi, kitambulisho cha kazi cha miaka kumi nyuma. Wekeni mezani mbele ya daktari.

Tena kuna alama saba ambazo madaktari huzihesabu kujua kama ule moto unawaka, utaratibu uliotoka Amsterdam mwaka 1989. Miongoni mwake ni wekundu wa kope. Niambieni, kope ya mtu wa rangi yangu inakuwa nyekundu vipi? Inakuwa nyeusi zaidi, au zambarau, au inang'aa kwa uvimbe. Alama hiyo inaweza kupita bila kuhesabiwa. Sisi wenyewe tuseme: daktari, hivi sivyo kope zangu zilivyo. Na hata hesabu ile ikitoka sifuri, mshipa unaweza kuwa unabanwa kimyakimya. Kwangu mimi maumivu hayakuwepo.

Wazee walisema macho hayana pazia. Walikusudia jingine, lakini kwa wagonjwa wetu maneno hayo huwa kweli ya mwili. Kope ya juu hupanda ikakataa kushuka, na usiku jicho hulala wazi. Mwenzako wa nyumbani ndiye wa kwanza kujua: mwambie akuangalie ukilala, kama weupe au kioo cha jicho kinaonekana. Jicho lililolala wazi hukauka, likachubuka, likaota doa jeupe mbele, na doa hilo linaweza kutoboka. Huo ni upofu wa njia ya pili, na huu hauna siri, unauma. Dawa ya kupaka usiku, kama jeli au marhamu, na kibandiko, vinaokoa. Wanja wa kutia ndani ya jicho uwekeni pembeni mpaka mpone.

Kuhusu sigara sitazunguka. Katika mambo yote ambayo mgonjwa wa Graves anaweza kuyabadilisha mwenyewe kwa ajili ya macho, hakuna linalolingana na kuacha tumbaku. Anayevuta hupata ugonjwa wa macho kwa urahisi zaidi, hupata ule mkali, na dawa humfanyia kazi kidogo. Shisha nayo ni moshi wa tumbaku. Ladha ya tofaa haiibadilishi. Na wewe usiye mgonjwa, ukivuta sebuleni kwa dada yako, unamvutisha. Wanaume, ugonjwa huu huwapata wachache kuliko wanawake, lakini ukiwapata, wao, hasa waliopita umri wa makamo na wenye kisukari, ndio wanaobanwa mshipa zaidi. Nimewaona wanaume waliosema hayo ni maradhi ya akina mama. Msiseme hivyo.

Kingine ni homoni zenyewe. Zikipanda au zikishuka mno, macho huumia. Anayemeza dawa leo na kuacha kesho kwa sababu amejisikia mzima anayachezea macho yake. Tiba ya iodini yenye mionzi inaweza kuamsha au kuzidisha ugonjwa wa macho. Katika utafiti mkubwa wa Italia wa mwaka 1998 ilitokea kwa 15 katika 100. Kwa hiyo kabla ya kuikubali, taja macho, taja sigara, uliza kama utapewa steroidi ya kukinga. Kwa ugonjwa mwepesi, madini ya seleni kwa miezi sita yalionyesha faida kwenye utafiti wa Ulaya wa mwaka 2011, lakini msikimbilie kununua vidonge kwenye maduka ya Powis Street bila kumuuliza daktari.

Aliyebanwa mshipa hutibiwa kwa haraka. Hupewa steroidi nyingi kwa mshipa wa damu, siku tatu mfululizo au kwa kuruka siku moja moja katika wiki ya kwanza. Uoni usiporudi ndani ya wiki mbili hivi, au ukizidi kuanguka, hupasuliwa: daktari huondoa sehemu ya kuta za mfupa ili ile koni ipate nafasi. Inasikika vibaya, nami niliogopa, lakini ni upasuaji unaojulikana vizuri na hufanyika katika mji huu. Januari 2020 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teprotumumab, inayopunguza uvimbe na kurudisha macho ndani, ingawa inaweza kupandisha sukari na kudhuru masikio. Kwa aliyebanwa, steroidi na kisu bado ndivyo vya kukimbilia.

Jicho langu la kulia lilirudi, lakini halikurudi lote. Leo nyekundu yake ni peni 80. Wangenipima wiki ya kwanza, pengine ningekuwa na pauni yangu kamili. Hakuna awezaye kuapa, lakini najua mshipa uliobanwa siku chache una nafuu kuliko uliobanwa mwezi.

Mwaka 2009 madaktari na vyama vya wagonjwa walikutana Amsterdam wakatoa azimio la kuwapunguzia watu mateso ya ugonjwa huu, na Uingereza ikajiunga. Moja ya matunda yake ni kadi ndogo ya tahadhari ya mapema, ambayo kila mgonjwa wa Graves anastahili kupewa, yenye dalili za macho na namna ya kupata msaada. Iulizeni. Kama hujapewa, shirika la British Thyroid Foundation litakusaidia. Mkalimani ni haki yako bila malipo kwenye huduma za NHS. Msimtumie mtoto wa darasa la tano kutafsiri mshipa wa fahamu. Na yule ambaye tezi yake imeishia kulegea, akawa anameza homoni ya thairoidi kila siku, ana haki ya cheti cha kutolipia dawa zote hapa England. Nimewakuta watu wa Thamesmead waliolipia miaka.

Mkifika kwa daktari, semeni kwa ufupi. Usianze na historia ya tangu Tanga. Sema: nina ugonjwa wa Graves, na rangi imebadilika katika jicho langu la kulia tangu Jumanne. Au: naona ukungu usioondoka kwa miwani wala kwa kupepesa. Au: jicho langu halifungi na lina doa jeupe. Au: jicho liliruka nje ya kope. Kila moja ya sentensi hizo, kwa miongozo ya madaktari wa Ulaya, ni ya kupelekwa kwa mtaalamu kwa dharura. Ukiambiwa njoo baada ya wiki sita, irudie sentensi ileile, uliza jina la daktari wa macho wa zamu.

Hospitali yetu ya Queen Elizabeth iko pale juu karibu na Woolwich Common, na idara ya dharura inayo. Moorfields, hospitali ya macho iliyoanza mwaka 1805 wakati askari waliporudi kutoka Misri na maradhi ya macho, iko City Road. Kutoka hapa unapanda treni ya Elizabeth mpaka Liverpool Street, unatoka upande wa Moorgate, na kutoka Moorgate ni kituo kimoja kwenda Old Street. Leo jioni mkifika nyumbani, kabla jua halijazama, tafuteni kitu chekundu, mzibe jicho moja, kisha jingine. Na aliye na ugonjwa wa Graves akikuta nyekundu mbili zisizolingana, asingoje Jumatatu.